Beetle iliyolala uani: sakafu kwanza, rangi baadaye, ekzosi mwisho

Kama una Volkswagen Beetle imelala uani miaka mingi na sasa unataka irudi barabarani, usianze na rangi. Najua rangi ndo inayoonekana, jirani akipita ndo ataisifia, ila hii gari inaoza kuanzia chini, kutu inatoka kwenye sakafu inapanda kwenye vizingiti vya milango halafu ndo inafika kwenye bodi, kwa hiyo ukipaka rangi juu ya gari ambayo chini imeshaliwa hata mwaka hauishi unaona malengelenge pembeni ya milango na hela yako imeenda. Mi nimeifanya ya kwangu hapa Tanga, 1300 ya mwanzoni mwa 1972, nyuma ya nyumba chini ya paa la bati, sina gereji, imenichukua miezi saba ya jumamosi na jumapili. Mpangilio ninaouamini ni huu: sakafu, rangi, ekzosi. Isipokuwa kitu kimoja cha ekzosi ambacho unakianza siku ya kwanza kabisa, nacho nakisema hapa hapa.

Siku ya kwanza: zilowanishe nati za ekzosi

Ingia chini nyuma ya gari, tafuta nati zinazoishika sailensa kwenye injini na zile klempu za mabomba, zipige brashi ya waya mpaka uone uzi, zimwagie mafuta ya kupenya. Kama huna ya kopo changanya ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, na thina nusu kwa nusu, inafanya kazi vizuri tu. Halafu kila wikiendi kabla hujashika kitu kingine unarudia. Mpaka ufike kwenye ekzosi miezi imepita na mafuta yameshatembea mpaka ndani ya uzi, na hapo ndo studi, zile bolti zisizo na kichwa zinazoshika nati, zinatoka salama bila kukatikia kwenye hedi, yaani kichwa cha injini.

Kwa nini sakafu ndo gari yenyewe

Beetle haina chasisi ya ngazi kama Land Rover. Ina mgongo mmoja katikati, ile tanel inayopita kati ya siti mbili za mbele, na kila upande kuna kipande cha sakafu kimechomelewa kwenye huo mgongo, halafu bodi inakuja juu inafungwa kwa bolti kuzunguka pembeni. Siti yako imefungwa kwenye sakafu hiyo, betri imekaa juu yake, na bodi nzima inaibana yenyewe. Ikioza gari imeoza mfupa. Beetle ya muundo huu huu ndo iliyoshinda East African Safari mwaka 1962 ikiendeshwa na Tommy Fjastad, kwa hiyo chuma kikiwa kizima hii gari inavumilia sana, shida ni pale kinapoachwa kilale na maji.

Maji yanakaa wapi? Chukua bisibisi ya flati, toa siti zote, toa kapeti na ule mpira wa chini, uanze kuchoma choma. Pa kwanza ni chini ya siti ya nyuma upande wa kulia, betri ya Beetle inakaa pale na asidi ikidondoka miaka yote inakula bati mpaka unaona ardhi. Pa pili ni mbele kwenye miguu, maji ya mvua yanaingia kupitia raba za kioo cha mbele na za milango yanatulia pale. Pa tatu ni ukingo wote wa nje ambapo sakafu inakutana na kizingiti cha mlango, hapo kuna raba ndefu katikati na ikishachakaa inageuka sponji. Usisahau na kile chuma cha mbele kabisa kilichokaa kama kofia, ambacho bodi inakifungia kwa mbele, na pale jeki ya pembeni inapoingia. Bisibisi ikizama bila kutumia nguvu, hilo bati limeshakufa.

Vizingiti navyo vya Beetle ni boksi lenye uwazi ndani, vimewekwa vipitishe hewa ya moto kutoka kwenye injini kuja mbele kwa madereva wa Ulaya. Vigonge kwa kidole. Vikiita vizuri endelea, vikiwa laini itabidi navyo vibadilishwe, na hiyo ni kazi nyingine kubwa maana ndo vinavyoshika umbo la bodi na mlango.

Ya kwangu nilipoipiga grinda nikakuta mabati matatu. Kuna fundi zamani alichomelea bati juu ya bati lililooza, akaja mwingine akaongeza la tatu, katikati maji na mchanga vimejaa, yaani wote wawili walilipwa na kutu ikaendelea na kazi yake chini kwa chini. Iliniuma kwa sababu mwenye gari wakati huo alikuwa baba mkwe wangu na aliamini ameitunza. Kwa hiyo kwenye hili sina mjadala, bati lililooza linakatwa mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, halifunikwi.

Kununua kipande kizima au kutengenezesha

Beetle ziliendelea kutengenezwa Mexico mpaka Julai 2003, na Afrika Kusini pale Uitenhage mpaka 1979, ndo maana spea za sakafu bado zinapatikana, unapata nusu ya kulia na nusu ya kushoto nzima nzima ikiwa na mifuo yake, ile mistari iliyobonyezwa, na reli za siti. Ukiagiza taja mwaka wa gari, maana modeli za 1973 kuja juu zina reli za siti za aina nyingine, na taja pia usukani uko kulia, upande wa pedali usije ukaletewa wa Ulaya.

Kama uozo ni wa sehemu, tuseme pale chini ya betri tu, kata kipande utengeneze kiraka cha shiti ya geji 18, kama milimita 1.2. Mafundi wa mabati wapo, hata mtaa wa Gerezani, Dar, wanakukunjia vizuri ukiwapelekea kipimo cha karatasi ngumu. Sharti moja, wakuwekee mifuo, kwa sababu bati tambarare la upana ule likitembea barabarani linadunda kama debe na mwisho linapasuka kwenye weldi.

Kabla ya cheche

Hapa naomba usome polepole. Tenki la petroli la Beetle liko mbele chini ya boneti, na bomba la petroli linapita ndani ya ile tanel mpaka nyuma kwenye injini. Sasa wewe unakwenda kuchomelea kwenye tanel hiyo hiyo. Toa tenki lote, kaliweke mbali na nyumba, chomoa bomba ncha zote mbili, sukuma maji ya sabuni ndani, puliza kwa kompresa mpaka isinuke kabisa, halafu rudia kesho yake. Chomoa betri itoke nje ya gari. Uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu na ndoo ya mchanga, na mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuangalia tu cheche zinaangukia wapi. Mimi kazi hiyo alifanya kijana wangu wa miaka kumi na saba na mara mbili alizima kipande cha kapeti nilichosahau chini ya dashibodi.

Gari ikae kwenye stendi nne, jeki ni ya kunyanyulia tu, usiingie chini gari ikiwa juu ya jeki hata kwa dakika moja. Na stendi usiziweke chini ya sakafu unayotaka kuikata, ziweke mbele chini ya zile bomba za ekseli na nyuma karibu na giaboksi.

Kingine ni namba ya chasisi. Imegongwa juu ya tanel chini ya siti ya nyuma. Ipake grisi, ifunike, grinda isiiguse. Kadi ya gari lazima ilingane nayo na ikifutika utahangaika sana kueleza.

Kukata na kuvua sakafu

Wengine wanavua bodi nzima, na inawezekana kweli, watu sita wanaibeba. Ila nyumbani kama vizingiti vyako ni vizima fanya bodi ikiwa juu, upande mmoja kwa wakati, upande wa pili ubaki umefungwa ili umbo lisihame. Kabla hujalegeza kitu funga milango, pima nafasi kati ya mlango na bodi sehemu tatu, andika. Kama kizingiti kina mashaka chomelea angle ya inchi moja kukatiza nafasi ya mlango, toka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma.

Piga picha kila waya. Pima reli za siti kutoka kwenye tanel na kutoka nyuma, maana ukiweka sakafu mpya ukakosea sentimita mbili utaendesha umekaa upande maisha yako yote. Legeza bolti za pembeni za spana 13 na zile zilizoko chini ya siti ya nyuma, nyingine zitakatika, hamna neno, utazitoboa.

Sakafu imeshikwa kwenye tanel kwa vidoti vya weldi mstari mzima. Visugue na brashi ya waya mpaka uvione, kila kimoja kigonge na senta panchi, toboa na biti ya 8 safu ya juu peke yake bila kuingia kwenye bati la tanel. Mi hapa nilichukua wikiendi mbili kwa upande mmoja na sijutii, kwa sababu ukiingia na grinda kwa pupa unakata ukingo wa tanel na huo ndo unaohitaji kuchomelea sakafu mpya. Sehemu ya katikati ya sakafu ndo unaweza kuikata na grinda haraka haraka uitoe, ubaki na ukingo unaoubandua taratibu kwa patasi.

Ukishatoa, tanel iko uchi chini, hiyo nafasi hutaipata tena. Kagua bomba la petroli, likiwa na kutu weka jipya sasa. Kagua waya wa klachi na wa aksileta, mabomba yanayopitisha hizo waya yasiwe yamechomoka. Bomba la breki nalo liangalie lote.

Kuchomelea

Tumia mashine ya waya, waya wa 0.8 au hata 0.6. Hii ya stiki tuliyoizoea mtaani inachomea geti na dirisha vizuri ila kwenye bati la milimita moja inatoboa, unaziba tundu linazaliwa lingine. Gesi inaweza lakini joto lake ni kubwa, bati linapinda kama chapati. Kama huna mashine, kodi kwa siku pamoja na fundi wake, lakini maandalizi yote uwe umeyamaliza wewe, maana fundi wa kulipwa kwa siku akikuta kutu hatasubiri uisugue.

Toboa matundu ya milimita 8 kwenye ukingo wa sakafu mpya kila baada ya sentimita 3. Paka rangi ya zinki pande zote mbili zinapokutana, ile inayovumilia kuchomelewa, vinginevyo katikati ya mabati mawili patabaki chuma tupu na kutu itaanzia pale pale. Ingiza sakafu, shikilia kwa bolti zote za pembeni bila ile raba, funga siti ujaribu, kaa, kanyaga pedali, funga mlango, linganisha na vipimo ulivyoandika. Ikikaa sawa ndo uanze kudoti, yaani kuchomelea kidoti kwenye kila tundu. Moja mbele, moja nyuma, moja katikati, subiri ipoe mpaka uweze kushika kwa mkono, endelea. Usikimbize mstari mmoja kwa mfululizo.

Ukimaliza, legeza bolti za pembeni, nyanyua bodi sentimita mbili kwa jeki na ubao mrefu, ingiza raba mpya kati ya bodi na sakafu, shusha, kaza. Raba hii watu wengi wanaiacha wakisema haina kazi. Inazuia maji, inazuia chuma kusagana na chuma, bila yenyewe gari italia kila ukipita kwenye rasta.

Viungo vyote vipake gundi ya bodi ndani na nje. Halafu epoksi praima, ukikosa basi redi oksaidi mikono miwili, yaani matabaka mawili, ikauke kweli, ndo uweke lami ya chini. Lami juu ya chuma tupu au juu ya kutu ni mbaya kuliko kuacha hivyo hivyo, inakamata maji ndani na hutaona kitu mpaka siku mguu unashuka. Vile vifuniko vya raba vya kutolea maji virudishe vyote.

Betri ikirudi iwe ndani ya boksi la plastiki na ifunikwe juu. Siti ya nyuma ya Beetle ina springi za chuma, abiria mzito akikaa springi inagusa teminali, na ndani yake kuna makumbi, moto unaanza hapo hapo. Usiikaze siti bila kifuniko hata kwa safari ya kwenda sheli.

Rangi

Uzuri wa Beetle madigadi yote manne yanafunguka, ni bolti za 13 tu kila moja, boneti na mfuniko wa injini vinafunguka, milango inafunguka. Kwa hiyo unapiga rangi kipande kimoja kimoja kwenye kivuli kidogo. Kati ya digadi na bodi kuna utepe, nunua mpya, na uuweke rangi ikishakauka, usiupulizie.

Rangi yake ya asili utaikuta imejificha nyuma ya dashibodi au chini ya raba za milango. Volkswagen walikuwa na namba zinazoanza na L, ya kwangu ni L90D, ile nyeupe iliyopooza kidogo, nilipeleka kifuniko kidogo kwa wachanganyaji wakalinganisha. Unaweza kuchagua rangi yoyote, gari ni yako, mi binafsi naona hii gari inapendeza na rangi aliyozaliwa nayo.

Kazi ya rangi ni msasa. Toa rangi ya zamani kwa msasa wa 80 pale ilipopasuka, sehemu nzima isiyo na shida wala usiivue mpaka chuma, isugue tu na 240 ishike. Mibonyeo nyoosha kwa nyundo na kipande cha chuma nyuma yake, ukimaliza ndo pati, ile ya kujazia mabonde, na pati isizidi milimita 3. Nimeona gari zimejazwa pati kidole kizima, jua la huku likiipiga linapanuka bati, pati inabaki, inapasuka. Pati sugua 80, kisha 180, kisha 240, kwa ubao mrefu, sio kwa vidole, maana mgongo wa Beetle ni mviringo mtupu na vidole vinachimba mifereji ambayo huioni mpaka rangi ing'ae.

Baada ya hapo praima mikono miwili au mitatu, puliza juu yake rangi nyeusi ya kopo kidogo sana kama vumbi, sugua na maji 400. Palipobaki peusi pana bonde, paliposhika chuma pana kilima. Rudia mpaka nyeusi yote iishe kwa pamoja. Hii ndo hatua inayochosha kuliko zote, na ndo inayofanya mtu akiangalia ubavu wa gari aone nguzo ya umeme imenyooka.

Rangi gani sasa? Zipo mbili utakazokutana nazo. Duko ya kawaida ya thina, inakauka haraka, ukikosea unasugua unarudia, inang'aa ukiipiga polishi, ila haivumilii petroli ikidondoka na jua linaifubaza. Nyingine ni 2K inayochanganywa na hadina, ngumu, inang'aa yenyewe, inadumu. Lakini hadina ya 2K ina isosayaneti, inaingia kwenye mapafu na inaweza kukuletea pumu ya kudumu, na kitambaa au barakoa ya hospitali haizuii kitu. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna, na watoto wanacheza uani, piga duko nyumbani, au andaa kila kitu wewe mwenyewe mkono wa mwisho ukapigiwe kwenye chumba cha rangi. Mi nilipiga duko. Hata duko yenyewe vaa barakoa ya mkaa ya mvuke, na usipulize karibu na jiko, thina inadaka moto haraka.

Pwani adui ni unyevu. Duko ikikauka haraka hewa ikiwa na maji inatoka na ukungu mweupe, kama imepumuliwa. Ndo maana sikugusa gani, ile bunduki ya kupulizia rangi, vuli yote, nilisubiri kaskazi, Januari, nikawa napuliza kuanzia saa tatu asubuhi umande ukishakauka na kabla upepo haujaamka. Fungua koki ya chini ya kompresa utoe maji kila asubuhi, weka chujio la maji kwenye mpira, mwaga maji sakafuni vumbi litulie. Ukungu ukitokea acha kazi, tumia thina ya polepole, na mara nyingi mkono unaofuata siku kavu unauondoa.

Nozeli ya 1.4 kwa rangi, ya 1.7 hivi kwa praima. Shika gani sentimita 15 mpaka 20 kutoka kwenye bati, mkono utembee sambamba na bati usipinde kama unafagia, anza kubonyeza kabla hujafika ukingoni na achia ukishapita, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wa kwanza mwepesi, usitake kufunika yote. Subiri dakika 10 mpaka 15. Mi nilipiga mikono sita ya duko, lita 4 kabla ya thina zilitosha gari nzima ndani na nje zikabaki kidogo za kuziba mikwaruzo. Acha wiki mbili inywee, halafu sugua na maji 1000, 1500, 2000, ndo kompaundi kwa mkono. Kwenye kingo kali punguza mkono, rangi inatoka upesi.

Ekzosi

Sasa zile nati zimekunywa miezi yote. Sailensa ya Beetle imekaa kwa kukatiza nyuma ya injini, imefungwa moja kwa moja kwenye hedi mbili kwa silinda za nyuma, namba 2 na 4, na mabomba ya silinda za mbele, 1 na 3, yanakuja kuungana nayo kwa klempu huku chini. Juu kuna bomba jembamba linalopandisha moshi kupasha manifodi ya kabureta, yaani bomba linalopeleka hewa na petroli kwenye injini, limeshikwa kwa bolti mbili ndogo kila upande.

Vua kwanza yale mabati ya nyuma na mipira ya hewa. Nati ikigoma usiongeze bomba refu kwenye spana. Rudisha mbele kidogo, nyuma kidogo, mafuta tena, au ipashe moto ikiwa hakuna petroli karibu, halafu jaribu. Studi ya milimita 8 ikikatika nje, chomelea nati juu ya kibaki, ikipoa inatoka. Ikikatika ndani kabisa toa injini, ni bolti nne tu za kuishika kwenye giaboksi, peleka hedi kwa mtu mwenye drili ya kusimama, usitoboe kwa mkono ukiwa umelala chini maana hedi ni alumini na biti inakimbilia kwenye laini.

Kwenye mabomba ya silinda za mbele kuna maboksi ya kupashia hewa, hewa ya feni inapita kuzunguka bomba la moto ndo inaingia ndani ya gari kupitia vizingiti. Yakitoboka bomba la ndani, moshi unaingia ulipo wewe na familia, na sumu yake haina harufu. Ya kwangu yalikuwa yameoza nikayatoa nikaweka mabomba matupu ya kupinda, Tanga hatuhitaji hita. Lakini ukifanya hivi ziba yale matundu mawili kwenye nyumba ya feni yaliyokuwa yanapeleka hewa kwenye maboksi, kwa vifuniko vya bati vilivyokazwa, la sivyo hewa ya kupoza injini inatoka nje bure na injini ya hewa ikikosa hewa inakaanga vichwa.

Lile bomba jembamba la kupasha manifodi usiliache hata kama fundi atakwambia halina kazi. Liangalie ndani halijaziba masizi, chokoa kwa waya wa breki ya baiskeli. Nilipoliunganisha limeziba, hapa mjini gari ilikwenda tu, ila nilipopanda Lushoto asubuhi na ukungu ikawa inakohoa na kuzima, manifodi imelowa na baridi.

Sailensa mpya ipake rangi ya kuvumilia joto kabla ya kufunga, ile ya kiwandani ni ya kusafirishia tu. Gasketi zote mpya, klempu mpya na zile pete zake za kuziba, nati za shaba ukizipata kwa sababu hazishikani na studi. Ingiza kila kitu kikiwa kimelegea, kitingishe mpaka flanji zote zikae sawa zenyewe, usivute bomba kwa bolti. Kaza za kwenye hedi kwanza, kidogo kulia kidogo kushoto, halafu klempu, halafu bomba la manifodi. Nati za hedi hazitaki zaidi ya kama Nm 20 kwenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza.

Washa, iache injini itembee bila kukanyaga mafuta. Rangi ya sailensa itatoa moshi dakika kumi hivi, hiyo ni kawaida, fanyia nje. Chukua kitambaa kilicholowa uzibe mabomba mawili ya nyuma kwa sekunde mbili, usizidishe, msaidizi asikilize: ikilia tss tss penye kiungo hapo panavuja, legeza upange upya. Pitisha na mkono pembeni ya mabati ya injini bila kugusa, moshi wa moto usiwe unapanda juu upande wa feni, maana feni itaunyonya. Raba inayozunguka injini iwe nzima kwa sababu hiyo hiyo.

Zima, ipoe kabisa, kaza tena nati zote. Tembea kilomita 100, ipoe, kaza mara ya pili, angalia na bolti za sakafu kwa pamoja ukiwa chini, maana raba mpya inakuwa imeshajibana na nyingi utakuta zimelegea robo mzunguko.